Namna ya Kuupanga Mji wa Tanga na Viunga Vyake Uweze Kutembeka

Mwongozo huu unawalenga wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata, madiwani na wananchi wa kawaida wa Tanga wanaotaka mji wao upangwe kwa kumfikiria mtu anayekwenda kwa miguu. Jambo la kwanza la kulikubali ni kwamba mji huu tayari unatembewa. Alfajiri, kabla daladala ya kwanza haijapata abiria wa kuijaza, njia za Mabawa, Makorora na Mikanjuni huwa zimeshapitwa na wanafunzi, wachuuzi wa samaki, vibarua wa viwandani na akina mama wanaowahi sokoni. Kwa hiyo mpangaji hana haja ya kumshawishi mtu atembee. Kazi yake ni kutafuta mahali ambapo mwendo wa watu hawa unakatwa, kujua umekatwa na nini, na kuuunganisha tena.

Neno "kukatwa" nimelichagua kwa makusudi. Kwa miaka niliyokaa kwenye kamati ya mtaa wetu sikumbuki mwananchi aliyesimama mkutanoni kulalamika kwamba hatuna njia nzuri ya waenda kwa miguu. Wanachosema ni "pale hapapitiki", na wote waliomo ukumbini huwa wanapajua pale penyewe.

Mfano wa mji unaopitika tunao hapa hapa. Ngamiani, yenye barabara zake za namba zinazokatana kama mistari ya daftari la hesabu, ina vitalu vifupi, nyumba zenye baraza zinazotazama njia, na duka karibu kila kona, kiasi kwamba mtu akiikuta njia moja imezibwa na turubai la harusi anapinda kwenye inayofuata bila kupoteza hata dakika mbili. Vichochoro vya Pangani na vya Mji Mkongwe wa Zanzibar vina tabia hiyo hiyo ingawa havina unyoofu wa Ngamiani. Linganisha na baadhi ya maeneo mapya ya viwanja vikubwa, ambako ukuta mmoja unaweza kwenda mita mia tatu bila upenyo, na jirani wa nyuma yake akawa mbali nawe kuliko mtu wa mtaa wa pili. Sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Tanga likiwa na watu 273,332. Ile ya 2022 ilihesabu 393,429. Ongezeko hilo lazima likae mahali, na kama litakaa kwa mtindo wa Ngamiani au kwa mtindo wa kuta ndefu ni uamuzi unaofanyika sasa, kiwanja kwa kiwanja.

Tembeeni kwanza, daftari likiwa mkononi

Chagueni mahali panne ambapo watu wa mtaa wenu huenda kila siku: shule, soko, kituo cha afya na kituo cha daladala. Halafu tembeeni kutoka nyumba za mbali kabisa hadi kila mojawapo, mkifuatana na wenye safari yao: mwanafunzi, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa bakora, mtu wa kiti cha magurudumu na kijana wa mkokoteni. Kamati inayotembea peke yake huona vitu vya kamati. Tembeeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha saa nane mchana jua likiwa kali, kisha baada ya mvua kubwa ya masika, na angalau mara moja usiku. Kila mnapolazimika kusimama, kuzunguka, kuruka au kushuka barabarani, andikeni mahali, sababu, na nani mwenye eneo hilo. Karatasi yenye mchoro wa mkono inatosha kabisa, ingawa kijana mwenye simu anaweza kuweka alama hizo kwenye ramani huria ya OpenStreetMap ili zisipotee uongozi unapobadilika.

Siku moja tulimsindikiza mtoto wa darasa la tatu. Kutoka mlangoni kwao hadi geti la shule, kwa mstari ulionyooka, ni kama mita mia tano, na paa la shule analiona akiwa uani. Yeye hutembea karibu mita mia tisa, kwa sababu kijia kilichokuwa kinapita chini ya miembe kilizibwa na ukuta wa kiwanja kikubwa miaka ya karibuni. Mwenye kiwanja hakuvunja sheria yoyote. Kijia hakikuwahi kuchorwa popote.

Hesabu ya jambo hili inafaa kuwekwa mbele ya kila mkutano, kwa kuwa hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu mzima hutembea takribani mita 80 kwa dakika, kwa hiyo kwa dakika kumi anafika mita 800. Duara la mita 800 kutoka sokoni lina ukubwa wa kilomita za mraba mbili hivi. Lakini kuta zikimlazimisha kila mtu kuzunguka mara moja na nusu ya umbali ulionyooka, duara hilo linashuka hadi mita 533, na eneo linalohudumiwa linakuwa kilomita ya mraba 0.9 tu, yaani chini ya nusu. Soko halikuhama wala nyumba hazikuhama. Vilivyopotea ni vichochoro. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba upenyo wa mita mbili kati ya viwanja viwili, mahali pake panapostahili, una faida kuliko kilomita nzima ya vitofali vya rangi mbele ya maofisi.

Wakati wa kuupata upenyo huo kwa bei nafuu ni kabla bikoni hazijapandwa. Mnapoletewa mchoro wa mipango miji wa eneo jipya, hesabuni urefu wa kila kitalu, na kinapozidi kama mita 120 ombeni njia ya miguu ikatize katikati yake. Katika maeneo ya urasimishaji, ambako nyumba zimetangulia na vipimo vinafuata, kamati ya urasimishaji ndiyo yenye nafasi ya kukaa na majirani na kukubaliana nani anaachia mita moja upande huu na nani upande ule, na makubaliano hayo yaingie kwenye mchoro siku hiyo hiyo, yasiachwe kwenye muhtasari wa kikao. Hati ikishatoka, mazungumzo yanageuka kuwa ya fidia, na mtaa hauna mfuko wa fidia.

Kivuko kabla ya njia ya pembeni

Fedha zikiwa za kutosha jambo moja tu, ziende kwenye vivuko. Mtu anaweza kuvumilia kutembea kwenye vumbi kwa nusu saa. Hawezi kuvumilia kugongwa.

Chukueni barabara ya kawaida ya lami yenye upana wa mita saba. Mzee anayekwenda sentimita 80 kwa sekunde anahitaji karibu sekunde tisa kuimaliza. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria maeneo ya makazi, linakwenda mita 125 katika sekunde hizo, maana yake ni kwamba mzee huyo anapoweka mguu wa kwanza kwenye lami gari linapaswa kuwa mbali kuliko urefu wa uwanja wa mpira. Mwendo ukishuka hadi kilomita 30, umbali huo unakuwa mita 75, ambao jicho lake bado linaupima. Tena nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari la kilomita 50 linagonga kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya lile la 30. Rangi nyeupe peke yake haipunguzi mwendo wa mtu. Kinachoupunguza ni tuta pana lenye mgongo bapa, lililoinuliwa sawa na njia ya pembeni, na alama za pundamilia zikachorwa juu yake, ili dereva apande na mtembea kwa miguu asishuke. Mahali ambapo barabara ina njia nne, wekeni kisiwa katikati chenye upana usiopungua mita mbili, ili mama mwenye mtoto na ndoo avuke nusu, apumue, kisha avuke nusu ya pili akitazama upande mmoja tu.

Kivuko kiwekwe watu wanapovukia tayari. Nimewahi kuona pundamilia iliyochorwa vizuri kabisa, mita mia moja na zaidi kutoka geti la shule, mahali ambapo hapana mtoto hata mmoja mwenye sababu ya kufika. Watoto walikuwa wanavuka mbele ya geti kama walivyovuka siku zote. Daraja la juu la waenda kwa miguu nalo lisipendekezwe haraka. Linampandisha ngazi yule yule asiyeziweza, na wenye miguu mizima hupita chini yake. Kazi za gharama ndogo kandokando ya shule, kama matuta, njia za pembeni, nguzo za kuzuia magari na kuhamisha mageti, zimeonyesha njia bora zaidi: taasisi ya Amend, iliyofanya kazi hizo Dar es Salaam na katika miji mingine ya Afrika, ilitunukiwa kwa ajili yake mwaka 2019 tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya kimataifa ya utafiti ya World Resources Institute.

Reli inahitaji neno lake. Ile iliyoanza kujengwa kutokea Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911 ndiyo iliyoupasua mji, bandari na maofisi vikawa upande mmoja na Ngamiani upande wa pili, na hadi leo mtu wa miguu anavuka pale alipoachiwa. Palipo na mapito ya mazoea, mtaa uandike kwa Shirika la Reli kuomba kivuko rasmi chenye sakafu iliyosawazishwa na vyuma, kwa sababu gurudumu dogo la kiti cha mgonjwa hunasa kwenye kokoto. Msiwashauri watu kuvunja uzio.

Mtaro ndio njia yetu

Vitabu vingi vya mipango huizungumzia njia ya waenda kwa miguu kana kwamba ni kitu kinachosimama peke yake. Katika miji yetu njia hiyo, mara nyingi, ni mfuniko wa mtaro wa maji ya mvua. Basi anayetaka kujua hali ya njia za Tanga ahesabu mifuniko iliyovunjika na ile iliyofunuliwa wakati wa kuzibua mtaro isirudishwe.

Mtaani kwetu kulikuwa na pengo la namna hiyo mbele ya genge la matunda. Mwenye genge alichoka kuwaona wateja wakiruka, akaleta mlango wa zamani wa mbao, bado una kitasa chake, akaulaza juu ya pengo. Mlango ule ulihudumia masika na vuli moja. Watu wakawa wanaagizana "tukutane mlangoni". Ulipooza ndipo bibi mmoja alipotumbukia hadi gotini, na ndipo sisi wa kamati tulipoliona lile ambalo muuza matunda alikuwa ameliona mwaka mzima.

Tulipouliza kwa nini mifuniko hairudishwi, jibu halikuwa uvivu. Ilikuwa mizito mno. Kipande cha zege chenye urefu wa sentimita 60, upana wa 50 na unene wa 8 kina uzito unaokaribia kilo 58, ambao watu wawili wenye kulabu wanaubeba bila kuumiza mgongo. Kikitengenezwa kikubwa mara mbili kinahitaji watu wanne, na watu wanne hawapatikani siku ya usafi. Kwa hiyo, katika maelezo ya kazi anayopewa mkandarasi, andikeni vipimo vya mfuniko, nondo zake, matundu ya kulabu, na vipande vya akiba vitakavyobaki ofisi ya mtaa. Kwenye milango ya magari kipande kinene zaidi kinahitajika, na hapo mhandisi aamue.

Upana wa njia uliowazi usipungue mita 1.8, ili watu wawili wenye vikapu wapishane na kiti cha magurudumu kisikwame. Njia inaposhuka kwenda barabarani, mteremko uwe wa kipimo cha moja kwa kumi na mbili: ukingo wenye kimo cha sentimita 15 unahitaji mteremko wa mita 1.8. Mafundi wengi huuweka mfupi zaidi kwa sababu unaonekana nadhifu, na mwenye kiti huanguka kinyumenyume.

Sipendekezi kuwafukuza machinga na mama lishe ili njia ipatikane. Wao ndio taa na macho ya njia hiyo usiku, na ndio sababu nusu ya watu wanapita pale. Kaeni nao mkachora mistari miwili ardhini kwa rangi: upande wa nyumba, katikati ya kupita, na upande wa barabara ambako meza zinakaa. Mstari uliokubaliwa na wenye meza hulindwa na wenye meza.

Kivuli kisichukuliwe kama pambo. Jua la Tanga wakati wa kaskazi humfanya mtu apande bajaji kwa safari ya dakika saba. Pandeni miarobaini upande wa magharibi wa njia, kwa sababu jua linalochoma zaidi ni la alasiri, na pandeni masika yanapoanza ili mvua iwe ndiyo mnyweshaji. Mikungu ina kivuli kizuri kuliko yote, ila matunda yake huteleza na mizizi huinua vitofali, hivyo iwekwe mbali kidogo na njia.

Kutoka mtaa hadi mkoa

Hapana mtu atakayetoka Muheza kwa miguu kuja Tanga mjini, umbali wa karibu kilomita 40. Eneo kubwa linakuwa la kutembeka pale ambapo kila safari ya gari inaanza na kuishia kwa mwendo mfupi na salama wa miguu. Kwa hiyo fikirieni Pongwe, Amboni, Kange, Muheza na Pangani kama vituo ambavyo kila kimoja kina soko, shule, kituo cha afya na stendi ndani ya dakika kumi, kisha daladala na mabasi yaviunganishe. Stendi kuu ikiwa Kange, kwa mfano, swali la mpangaji ni jinsi abiria aliyeshuka na gunia atakavyofika kwenye daladala bila kuvuka barabara kuu ya Segera kwa kukimbia, na jinsi mkazi wa jirani atakavyoingia stendi kwa miguu bila kupigania mlango na mabasi.

Baiskeli, ambayo Tanga imeizoea kuliko miji mingi na ambayo ardhi yetu ya tambarare inaipenda, ndiyo inayojaza pengo la kilomita tatu hadi nane. Ipewe ukanda wake wa pembeni. Kuichanganya na waenda kwa miguu kwenye njia moja nyembamba ni kuhamisha ugomvi wa magari kwa wanyonge.

Hatari kubwa ninayoiona ni makazi yanayojipanga kama utepe kandokando ya barabara kuu, iwe ya kwenda Segera au Horohoro. Nyumba upande huu, shule upande ule, na lori la shehena katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 inatenga hifadhi ya mita 30 kila upande wa barabara kuu, lakini hifadhi hiyo haimvushi mtoto. Kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi: shule ya msingi iwe upande ule ule wenye nyumba nyingi, na mtaa wa maduka uingie ndani, ukiiacha barabara kuu mgongoni. Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ni mahali pa kuipima kanuni hii mapema, kabla wageni wa kazi hawajapanga nyumba kufuata lami.

Kuyafikisha yanapotakiwa

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, kwa hiyo madai yanayoletwa Juni yamechelewa mwaka mzima. Orodha ya mapengo ipitishwe kwenye mkutano wa mtaa, iende Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani aibebe hadi halmashauri wakati mipango bado inaandaliwa. Eneo linapopimwa upya, madai ya vichochoro yaingie kwenye mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa mji, unaoandaliwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, kwa kuwa kilichomo humo ndicho kinachoweza kudaiwa baadaye.

Jueni pia barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua yetu ya kwanza ya kuomba kivuko ililala miezi minane kwenye meza isiyohusika, na kosa lilikuwa letu, kwa kuwa hatukuuliza.

Kabla kazi haijaanza, hesabuni watu wanaopita kwa robo saa, asubuhi na jioni, na wanaovukia wapi. Kazi ikiisha, rudieni saa zile zile. Sisi tulipohesabu mara ya pili, karibu wanafunzi wote walikuwa wanapita juu ya tuta jipya, isipokuwa kikundi kimoja kilichoendelea kukatiza pembeni kila jioni. Tulidhani ni utundu. Kumbe muuza ubuyu anakaa mkabala na hapo, chini ya mwarobaini, na hakuna mahali pengine penye kivuli. Maombi ya mwaka huu yana kipengele cha kusogeza kivuko mita nane.